Mashati Sita

Jumanne wamekuja tena, Daktari Auer na Bibi Stieg,
wakakaa ncha mbili za meza moja
kama mawifi waliogombea shamba.
Mimi mtunza nyaraka wa Grünfels
nawaletea masanduku, nawanyang'anya kalamu za wino.

Kisa chenyewe nakisema kwa pumzi moja:
Waldemar, mwana wa mtawala, umri miaka minne,
alizikwa Februari, jeneza limepigwa misumari,
theluji mpaka magotini.
Miaka kumi na minane baadaye akaingia mjini fundi saa,
Korbinian Lauch, mwenye kovu nyuma ya sikio,
akasema, wala hakupaza sauti:
Mliyemzika si mimi.

"Tabibu wa kasri aliandika homa," asema Auer,
"akaandika na saa, na dakika, na jina la dawa."
Naam. Mwandiko safi, hauna hata doa.
Ila aliyemlipa tabibu ni ba'mdogo aliyerithi kiti,
na Machi, theluji haijayeyuka,
tabibu akanunua nyumba ya madirisha kumi na mawili.

"Yaya alimtambua," asema Stieg.
"Alimpapasa sikio, akalia."
Alilia, kweli; watatu walishuhudia.
Ila yaya alikuwa na miaka sabini,
mtoto wa jicho macho yote mawili,
na waliomleta kwa gari la farasi
ndio waliomwahidi kuni za kipupwe kizima.

Mwamba ngoma huvutia kwake, sawa.
Mimi naitazama ngozi inayovutwa:
ni ya mtoto.

Mwaka juzi walifukua. Jino moja,
maabara mbili, majibu mawili,
na kila maabara ina mfadhili wake.

Chini kabisa ya sanduku la saba
kuna daftari la dobi. Hajaliomba mtu.
Gundel hakuandika habari za wafalme. Aliandika idadi:
mashuka, soksi, vitambaa vya meza, bei ya sabuni.
Na siku tano baada ya mazishi, kwa penseli butu:
*mashati ya mtoto, sita, yana matope.*

Nilikaa chini.
Maiti hachafui shati.

Halafu nikaanza kujibishana na Gundel.
Labda yalisahaulika chini ya kitanda.
Labda ni ya mwana wa mpishi.
Labda tarehe si hiyo: daftari hili hili
lina Jumapili mbili zinazofuatana.
Na theluji ile ya magotini,
matope yalitoka wapi?
Gundel hakuwa na sababu ya kusema uongo.
Ya kukosea, nani hana?

Sasa zamu yangu, maana mizani haina huruma.
Ukutani kwetu ipo saa aliyoitengeneza Lauch.
Bibi yangu alikuwa akiifuta kila Jumamosi,
akisema, imeguswa na mikono ya kifalme hii.
Nimekua nikilala na mlio wake.
Nataka awe yeye. Nataka
tangu sijajua kusoma,
na kutaka huko kuna uzito wake; nakuweka kitangani
kando ya nyumba ya tabibu, kando ya kuni za yaya.

Jana usiku niliifungua saa, mara ya kwanza maishani.
Ndani ya kifuniko, mahali ambapo jicho la mteja halifiki,
fundi amekwaruza herufi mbili kwa msumari:
K. L.
Peke yake, hana wa kumdanganya,
aliandika K. L.
Au ndiyo desturi ya mafundi wote.
Au mtu akiitwa jina miaka kumi na minane
mkono hulizoea.

Leo nimeliweka daftari katikati ya meza,
nimelifungua ukurasa wa Februari.
Sikusema neno. Wakasoma wote wawili, nikaona
Auer akitafuta Jumapili, Stieg akitafuta matope.
Mikono miwili ikanyooka kwa pamoja.

"Mmoja mmoja," nikasema. "Karatasi imechoka.
Na mkanawe kwanza."